Mtafsiri Aliyefunzwa Kunyamaza

Sharon, ambaye sasa ndiye mwenye funguo za chumba cha projekta, ameniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ukumbini, ili nyinyi mnaoanza kazi msirudie makosa yangu. Nilimwambia makosa yangu hayawezi kurudiwa na mtu ambaye hakupitia kibanda cha video, lakini Sharon hakubali neno hapana, mnamjua. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa viwili tu, na cha pili kilikuja pamoja na kazi ya kuosha tangi la maji. Mshahara nao tuuache palepale ulipolala.

Naitwa Kyalo. Kwetu ni Makueni, lakini nimekaa Kitengela hadi nikienda kwetu watu wananiuliza nitarudi nyumbani lini. Kabla ya ukumbi nilikuwa mtafsiri katika kibanda cha video karibu na soko. Kwa nyinyi mliozaliwa mkishika simu, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Inawekwa sinema ya Kichina au ya Kihindi, napunguza sauti yake, nashika maiki, nawaeleza watu kinachoendelea. Kichina sikijui. Hakuna aliyewahi kunidai Kichina. Nilikuwa namwangalia mtu usoni, halafu nampa maneno yanayomfaa. Jambazi nilimpa jina la mzee mmoja wa mtaa aliyetusumbua, shujaa nilimwita Mutua, na mchumba wake nilimfanya muuza nyanya wa Kisaju. Sheria ilikuwa moja tu, usinyamaze. Ukinyamaza hata kwa pumzi mbili, mtu wa nyuma anapaza sauti, "Kyalo, umelala?"

Aliyenitoa huko ni Madam Nashipae. Wengi wenu mlimkuta akiwa mkurugenzi mwenye ofisi, lakini mimi nilimkuta akiwa na stoo tupu ya chakula cha mifugo, mabati juu bila dari, na ndoto kwamba hapo patakuwa ukumbi wa sanaa wa watu wote. Alipita nje ya kibanda akasikia sauti yangu, akaingia, akaketi kwenye benchi hadi sinema ikaisha. Kisha akaniuliza kama najua kuunganisha waya. Nikasema najua. Nilijua kiasi.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kuwasha kitu chochote. Alinipa brashi ya kupaka rangi, mpya, ya inchi mbili, akaniambia ikigusa rangi hata mara moja atanirudisha kibandani. "Hii projekta uichunge kama ng'ombe wa gredi," alisema. "Umwoshe kwanza, halafu ndio umkamue." Nashipae ni mtu wa Kimana, kwao wana ng'ombe na shamba la vitunguu, na gari lake lilinuka vitunguu mwaka mzima. Brashi hiyo bado iko kwenye droo ya chini. Tafadhali msiiibe. Vumbi la Kitengela si vumbi la kawaida, lina mawe ya lori ndani yake, na kichujio cha projekta kisiposafishwa kila Ijumaa, Jumapili mashine inapata joto na kujizima katikati ya mambo. Ukimaliza kuonyesha, zima taa lakini uache feni izunguke hadi isimame yenyewe. Nimeona vijana wakichomoa waya kwa haraka ya kwenda kula, wakaua taa ya projekta, halafu wakasema ni stima.

Miaka ya mwanzo tulionyesha filamu za shule, mechi, na harusi za watu waliotaka kujiona tena. Halafu siku moja Nashipae akaja na kifurushi kutoka ng'ambo na uso wa mtu aliyepata mtoto. Alikuwa ameandikia majumba ya muziki barua nyingi, hadi moja likakubali kutuazima rekodi za opera. Nilimuuliza opera ni nini. Akasema ni mchezo wa kuigiza ambao watu hawaongei, wanaimba tu, mwanzo hadi mwisho.

"Na hizi si zile za zamani za watu wamevaa nywele za bandia," akasema. "Hizi zimetungwa juzi. Watu wamevaa jeans. Wanaimba kwa hospitali, wanaimba kwa airport."

"Na nani atakuja, Madam?"

"Kyalo, hapa Kajiado watu wanaimba kila kitu. Wakioana wanaimba, mtoto akipewa jina wanaimba, mvua ikikataa wanaimba. Sasa mbona hii iwashinde?"

Jumapili saa nane mchana niliziba madirisha kwa nailoni nyeusi na vipande vya mbao, nikatundika kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha, nikapanga viti vya plastiki, na watu wakaja. Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, labda kwa sababu ilikuwa bure. Kulikuwa na akina mama wa Isinya na shanga zao, wafanyakazi wa viwanda waliokuwa na siku ya mapumziko, wanakwaya wawili watatu waliotaka kuona hao wazungu wanavuta pumzi wapi. Katika safu ya pili aliketi Mama Abdi pamoja na jirani yake. Mama Abdi ana duka la nguo barabara ya pili kutoka sokoni. Familia yao ni ya Garissa, na mashati yangu mengi yametoka kwake.

Opera yenyewe ilihusu mama mmoja katika mji wa viwanda ambaye kijana wake ametoka asubuhi kwenda kazini na hakurudi. Hayo nayasema sasa. Siku ile sikujua kitu. Maandishi ya Kiingereza yalipita sehemu ya chini ya kitambaa kwa haraka, madogo kama sisimizi, na baada ya dakika kumi ukumbi ulianza kukohoa. Mnajua kile kikohozi cha watu wasioelewa. Mtu mmoja nyuma, ambaye alinijua tangu kibandani, akasema, "Kyalo, umelala?"

Mimi nikashika maiki.

Sitajitetea. Nilipunguza sauti ya waimbaji kidogo, nikaanza. Daktari nikamwita Mutua. Polisi nikampa jina la yule mzee wa mtaa. Ukumbi ulichangamka, watu walicheka hadi viti vikalia, nami nikahisi niko nyumbani. Kisha ikafika sehemu ya tatu, yule mama yuko peke yake chumbani, mbele ya kitanda kilichotandikwa, anaimba polepole sana. Kwa mtafsiri wa video hapo ni pahali pa hatari, maana hakuna mtu anayekimbia. Nikaona sahani mezani imefunikwa. Nikasema kwenye maiki, kwa sauti ya kike, "Nani amekula chapati zangu akaacha sahani tupu?"

Paa lilitaka kuondoka kwa kicheko. Katikati ya kicheko hicho nikaona Mama Abdi amesimama. Alivuta ushungi wake, akapita mbele ya magoti ya watu bila kuomba njia, akatoka. Mlango ulipofunguka jua liliingia na kufuta picha yote kwenye kitambaa.

Nashipae hakunigombeza siku hiyo. Alinigombeza Jumatatu asubuhi, na hakupandisha sauti, jambo ambalo ni baya zaidi. Aliniuliza kama najua kwa nini yule mama anaitwa Mama Abdi. Nikasema ni kwa sababu ana mtoto anaitwa Abdi. Akasema alikuwa naye, sasa hana. Lori lilimgonga kwenye barabara ya Namanga, mwaka ule ule. Jirani ndiye aliyemwambia Mama Abdi aje, kwamba kuna mchezo wa mama aliyepoteza kijana, pengine utamsaidia kulia, kwa sababu tangu mazishi hakuwa amelia.

Niliketi kwenye boksi la spika.

"Nifukuze, Madam," nikasema mwishowe.

"Nikufukuze uende wapi, kwa kibanda ukaendelee na hiyo maneno yako? Hapana. Utaenda umwombe msamaha. Halafu utajifunza kunyamaza. Hiyo ndiyo kazi nakupa."

Nilikwenda dukani adhuhuri. Mama Abdi alikuwa anakunja madera. Kwenye rafu nyuma yake, kando ya redio, kulikuwa na sahani ya chakula iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Nikadhani ni ya msichana anayemsaidia dukani, nikaona nimefika wakati mbaya.

"Mama Abdi," nikasema, "nimekuja kuomba msamaha. Nilikosa. Sikujua."

"Najua hukujua." Hakuacha kukunja. "Watu walicheka, si vibaya. Mimi sikukuja kucheka."

"Ni kweli, mama."

"Nakuuliza kitu kimoja tu, Mzee Kyalo. Yule mama pale kwa kitanda, alisema nini?"

Nilifungua mdomo. Kisha nikaufunga, maana sikujua. Nilikuwa nimesimama na maiki mbele ya watu wote wale nikisema kwa niaba ya mama huyo, na sikuwa na habari alisema nini.

"Ulisema ukayafunika maneno yake," akasema Mama Abdi. "Sasa mimi sitawahi kujua. Wallahi hiyo ndiyo iliniuma, si chapati."

Rekodi ilikuwa imeshafungwa kurudishwa ng'ambo. Lakini wale watu walituachia kijitabu chenye maneno yote ya opera kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, la zamani. Kwa wiki tatu nilikaa na Nashipae kila jioni baada ya kufunga, yeye anasoma, mimi natafuta Kiswahili chake. Maneno ya yule mama hayakuwa mengi. Nilipoyapata nilishtuka jinsi yalivyokuwa mepesi. Niliyaandika kwenye karatasi, nikaenda nayo dukani, nikaanza kuikunjua.

Mama Abdi akainua mkono. "Si hapa," akasema. "Hapa mtu anaingia kuuliza bei ya soksi. Nilitaka kumsikia akiimba, nimekaa. Siku mtarudisha hiyo opera, ukuje uniambie."

Nikamwambia haitachukua muda. Mungu anisamehe, ilichukua miaka sita.

Karatasi ile niliikunja nikaiweka kwenye mfuko wa brashi, na kila Ijumaa nikisafisha kichujio niliiona. Nashipae aliomba rekodi ile kila mwaka. Mara iko Asia, mara haki zake zimehamia kwa mtu mwingine, mara hawajibu kabisa. Tulipata nyingine. Tulionyesha opera ya wachimba migodi, ya mwanamke rubani, na moja ya watu waliokwama kwenye uwanja wa ndege ambayo akina mama wa Isinya waliipenda hadi wakaiomba tena. Na katika hizo zote nilifanya kazi kwa njia mpya, ambayo ndiyo mnayoitumia hata leo. Kwanza nasoma kijitabu chote, hata kama kitanichukua mwezi. Kabla ya kila sehemu nasimama mbele, taa zikiwaka, nawasimulia watu kwa Kiswahili kitakachotokea, nani ni nani, nani anamdanganya nani. Halafu naweka maiki chini, nazima taa, nakaa kwenye kiti karibu na projekta, mikono chini ya mapaja. Hiyo ya mikono ni amri ya Nashipae. Alisema mkono wangu ukiona maiki haujizuii.

Mara ya kwanza nilitokwa jasho. Wiki ya nne mtu wa nyuma akasema, "Kyalo, umelala?" na mama mmoja wa Isinya akamgeukia, "Wewe nyamaza, tunasikiza!" Sitasahau siku hiyo. Akina mama hao wenyewe hawakunyamaza, naomba ieleweke. Mwimbaji mwovu akiingia walimwonya msichana kwa sauti, "Wooi, usimwamini huyo!" Hilo sikulizuia na nyinyi msilizuie. Mtu anayemwonya mwimbaji ameshaelewa opera.

Mambo mengine ya kazi niyaseme kwa haraka. Mapumziko yawekeni wakati wa alasiri, ili wanaoswali wasikose chochote. Nilianza hivyo tangu mwaka ule, ingawa Mama Abdi hakuwa akija, na wafanyabiashara wa mifugo walipoona saa imepangwa hivyo, wakaanza kuja na wake zao. Mkienda kuonyesha nje, fungeni kitambaa kwa mawe na kamba mbili kila pembe. Kule Kona Baridi tulifunga kamba moja moja, upepo ukachukua kitambaa mwimbaji akiwa katikati ya wimbo, tukakikuta mbali kwenye miiba, na tulipoendelea mwimbaji alikuwa na tundu pahali pa pua. Na jambo la mwisho, mabati. Ukumbi wetu hauna dari. Mvua kubwa ikinyesha, hakuna wimbo wa polepole utakaoshindana nayo. Kwa bahati, au kwa bahati mbaya, ikitegemea kama una projekta au una ng'ombe, Kajiado mvua si mgeni wa kila mara.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, Nashipae aliingia chumba cha projekta bila kubisha. Uso wake ulikuwa ule ule wa mtu aliyepata mtoto. "Imekuja, Kyalo," akasema, na hakuhitaji kuniambia ni ipi.

Sikungoja chakula. Nilikwenda dukani mbio, na mimi ni mtu wa miaka sitini. Mama Abdi alikuwa amevaa miwani sasa. Redio ilikuwa nyingine. Sahani iliyofunikwa ilikuwa pale pale rafuni.

"Mama Abdi, ile opera imerudi. Jumapili, saa nane."

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe ndiye utakuwa kwa mashine?"

"Ni mimi. Baada ya hapo nastaafu."

"Utaongea?"

"Sitaongea. Nitaeleza kabla, halafu basi. Niko na ahadi."

"Basi tutaona," akasema.

Jumapili hiyo ilikuja baada ya ukame mrefu. Mnaukumbuka, mizoga ilikuwa kando ya barabara hadi Kajiado mjini, na wafugaji walikuja ukumbini nadhani ili kukaa mahali ambapo hawawezi kuiona. Mama Abdi aliketi safu ya pili, kiti kile kile. Nilisimulia sehemu ya kwanza, nikakaa juu ya mikono yangu. Nikasimulia ya pili, nikakaa. Baada ya alasiri nikasimulia ya tatu, lakini maneno ya kitandani sikuyasema. Nilisema tu kwamba yule mama ataimba peke yake, naomba tumsikilize. Sharon alikuwa kwenye sauti. Niliona kila kitu kiko sawa, kichujio safi, waya zimekaa, stima imetulia.

Yule mama akaingia chumbani. Akasimama mbele ya kitanda. Akafungua mdomo, na mvua ikapiga mabati.

Haikuanza kwa matone. Ilianguka yote kwa pamoja, kama gunia la mahindi lililopasuka juu ya paa. Sharon aliongeza sauti hadi mwisho, haikusaidia kitu. Wafugaji walisimama wakapiga makofi, mmoja akakimbilia nje kusimama uwanjani, nami nikajua mvua hii ni uhai wa watu na siwezi kuichukia, lakini nilitaka kulia. Miaka sita. Mdomo wa yule mama ulikuwa unakwenda kwenye kitambaa, machozi yanamtoka, na hakuna hata neno moja lililotufikia. Nilikaza mikono chini ya mapaja. Nilikuwa nimeahidi.

Hapo Mama Abdi akageuka kwenye kiti chake. Aliniangalia moja kwa moja, akapaza sauti juu ya mvua.

"Mzee Kyalo! Sema!"

Sikuitoa karatasi. Sikuwa nikiihitaji kwa miaka mingi. Nilichukua maiki, Sharon akaipa sauti yote, nikaangalia mdomo wa yule mama, kama nilivyofanya miaka yangu yote ya kibandani, na kila alipofungua nikapaza, kwa sauti yangu mwenyewe, si ya kike, maneno yake mwenyewe:

"Kitanda nimetandika. Chakula nimefunika. Mlango sijaufunga, mwanangu. Ukija usibishe. Ingia tu."

Anarudia mara tatu yule mama, na mimi nilirudia mara tatu. Mara ya tatu wale akina mama wa Isinya walikuwa wanaisema pamoja nami, kama wanavyoitikia wimbo. Niliona mabega ya Mama Abdi yakitikisika, na jirani yake akimshika mkono, na sikuangalia tena, nikaangalia mashine yangu.

Ilipoisha nilizima taa ya projekta, nikaacha feni izunguke. Mvua ilikuwa imepungua. Watu walikwenda mlangoni kunusa udongo. Mama Abdi alikuja hadi kwenye kiti changu, miwani mkononi, macho mekundu. Nilisimama nikitafuta jinsi ya kuomba msamaha mara ya pili.

"Kumbe si mimi peke yangu ninafunika sahani," akasema.

Akapangusa miwani kwa ncha ya ushungi, akaivaa, akatazama kitambaa cheupe kama mtu anayekagua nguo kabla ya kununua.

"Na Jumapili ijayo ni gani?"

Nikamwambia sijui, amuulize Sharon, mimi si wa mashine tena. Lakini nitakuwepo, safu ya pili, na kama hatajali, nitakaa kiti cha karibu yake.